Kuongeza swichi ya pili kwenye seva zako pepe: mwongozo kwa mafundi wa ofisi za Mombasa

Ukiingia chumba cha seva cha ofisi nyingi za clearing (zinazotoa mizigo bandarini) hapa Mombasa, iwe Shimanzi, Moi Avenue au kule Changamwe, utakuta mpangilio unaofanana. Kuna seva mbili tatu zilizobeba mashine pepe (kompyuta za programu zinazoishi ndani ya seva) kumi na kitu, kuna hifadhi ya pamoja na UPS, kisha katikati ya vyote hivyo kuna swichi moja. Pesa zimemwagwa kwenye seva. Kila moja ina pawa mbili na diski za RAID, na leseni zimelipiwa. Lakini kila baiti inayotoka humo inapita kwenye kisanduku kimoja chenye pawa moja.

Kisanduku hicho kikifa, seva zitabaki na taa za kijani na hakuna mtu atakayeweza kuingia. Kwa wanaotumia Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe) na kuwasha HA (seva ikifa, mashine zake zinawashwa kwenye nyingine), mambo huwa mabaya zaidi. Kila seva inajikuta peke yake na kupoteza kura za wenzake, na baada ya takriban sekunde 60 inajiwasha upya kwa hiari yake. Kwa hiyo hitilafu ya swichi ya mtandao inageuka kuwa hitilafu ya seva zote, na hifadhidata zote zimekatwa katikati ya kuandika.

Dawa yake ni swichi ya pili. Kuinunua ni kazi ya siku moja, ila kuifanya ishike kazi kweli pale ya kwanza inapoanguka ni jambo jingine, na ndilo tutakalolifuata hapa. Mifano yangu ni ya Proxmox VE yenye seva tatu, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo sana. VMware na Hyper-V, ambazo ni mifumo mingine ya mashine pepe, nitazigusia panapotofautiana.

Kabla ya kununua: tafuta vitu ambavyo swichi zote mbili zitavitegemea

Chukua karatasi uchore. Weka swichi A na swichi B, seva zote, hifadhi, ruta, swichi za ghorofani, UPS na jenereta. Kisha jiulize juu ya kila kitu kilichochorwa mara moja tu: hiki kikizima, swichi zote mbili zitaanguka? Ukiwa na feri mbili Likoni zinazotumia gati moja, gati likiharibika abiria hawavuki, hata feri ziwe mpya namna gani. Ofisi nyingi zilizonunua swichi ya pili zina gati moja mahali fulani, na mara nyingi ni stima.

Swichi A iende UPS ya kwanza na swichi B iende UPS ya pili. Ukizichomeka zote kwenye UPS moja, siku betri za UPS hiyo zitakapochoka utapoteza zote mbili katika zile sekunde chache kabla jenereta haijashika. UPS hizo nazo zitoke kwenye breka tofauti, na kama jengo lina fezi tatu, mwambie fundi wa stima azigawe. Seva zenye pawa mbili zifuate mtindo huo huo, pawa moja huku na nyingine kule.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Chumvi ya bahari hula shaba ya viunganishi polepole, hasa ofisi zinazofungua madirisha wakati AC imezima. Nunua kebo fupi zilizotengenezwa kiwandani, za shaba tupu, uachane na zile za bei rahisi ambazo waya wake ni alumini iliyopakwa shaba. Fundi akikubania RJ45 sakafuni kwa mkono, kebo itafanya kazi leo na kuanza kupoteza fremu (vifurushi vya data) baada ya msimu wa mvua. Tena raki isikae chini ya AC ya ukutani. Bomba la AC likiziba, maji hudondoka pale pale chini yake, na swichi zako mbili zimepangwa moja juu ya nyingine.

Jambo la mwisho kwenye karatasi ni kadi za mtandao. Seva yenye poti nne kwenye kadi moja bado ina kadi moja. Poti inayoenda swichi A itoke kwenye kadi ya ubao mama, na inayoenda swichi B itoke kwenye kadi ya PCIe. Kama seva haina kadi ya pili, inunue pamoja na swichi, katika ankara hiyo hiyo. Ukiiacha kwa baadaye, bosi atakuuliza kwa nini hukusema mapema.

Chagua muundo

Kuna njia tatu, na wauzaji watakusukuma kwenye ile ya bei kubwa.

Ya kwanza ni kuziunganisha swichi mbili ziwe kama swichi moja, yaani staki. Ni rahisi kuisimamia, kwa kuwa kuna anwani moja na usanidi mmoja, na seva inaweza kuweka LACP (kufunga poti kadhaa ziwe njia moja) kwenye poti za swichi zote mbili. Ubaya wake ni kwamba akili inayoongoza ni moja. Ikichanganyikiwa, zote zimechanganyikiwa, na kwenye swichi nyingi za kawaida ukiboresha programu ya ndani, staki nzima inawaka upya kwa pamoja.

Ya pili ni MLAG, ambayo kila kampuni huipa jina lake. Hapa kila swichi ina akili yake, ila zinaelewana kiasi cha kuidanganya seva kuwa ni swichi moja. Ni muundo mzuri sana kwa mwenye mtu wa mtandao wa kudumu. Una kanuni zake za nini kitokee swichi zikipotezana, na asiyezijua atazijua saa mbaya.

Ya tatu ni swichi mbili zinazojitegemea kabisa. Zinaunganishwa kwa kebo kati yao, na uamuzi wa njia ya kutumia unaachiwa seva. Swichi hazijui lolote kuhusu mpango huo.

Mimi kwa ofisi ya seva mbili hadi nne nachagua hii ya tatu bila kusita. Unaweza kuzima swichi moja, ukaiboresha, ukairudisha, na mwenzake hata hajui. Akija fundi mwingine miaka miwili baadaye ataelewa kilichofanyika kwa kutazama kebo tu. Unachopoteza ni kasi ya poti mbili kwa pamoja, na mashine pepe zinazobeba mafaili ya forodha na QuickBooks hazijawahi kujaza hata poti moja ya gigabiti 10. Hatua zilizobaki zinafuata njia hii.

Swichi zenyewe ziwe za kusimamiwa, zenye VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja), RSTP (inayozuia data kuzunguka kwenye kitanzi) na LACP, na ikiwezekana ziwe za modeli moja. Usinunue B ya gigabiti 1 kusaidia A ya gigabiti 10 kama hifadhi ya diski inapita humo. Siku ya shida mfumo utakuwa hai kwa jina tu.

Hatua ya 1: Andaa swichi B mezani, mbali na mtandao

Ipe jina, anwani yake ya usimamizi na saa sahihi kwa NTP. Weka toleo lile lile la programu ya ndani lililoko kwenye A. Unda VLAN zote za kawaida zilizoko kwenye A, kwa namba zile zile. Katika mfano huu 10 ni ya usimamizi, 20 ni ya mashine pepe, 30 ni ya simu, 51 na 52 ni za hifadhi. Hizo mbili za hifadhi ndizo pekee zisizofanana: 51 inakaa A tu na 52 inakaa B tu, kama tutakavyoona Hatua ya 5. VLAN moja ikisahaulika kwenye B, kila kitu kitaonekana sawa hadi siku A itakapozima, halafu simu tu ndizo zitakuwa kimya na hakuna atakayejua pa kuanzia. Kwa hiyo usilinganishe kwa macho. Toa usanidi wa zote mbili kama maandishi uulinganishe kwa `diff`.

Washa RSTP kwenye swichi zote mbili na uamue mwenyewe nani awe mzizi, yaani swichi ambayo nyingine zote hupimia njia zao. Kipaumbele cha kawaida ni 32768, na namba ndogo ndiyo inayoshinda. Weka A iwe 4096 na B iwe 8192. Usipoweka, mzizi utachaguliwa kwa anwani ya MAC, na anaweza kushinda kijiswichi kikuukuu kilicho chini ya meza ya mapokezi.

Kisha hifadhi usanidi. Swichi nyingi hufanya kazi na usanidi ulioko kwenye kumbukumbu ya muda, na usipoamuru `write memory` au mfano wake, kila kitu hufutika stima ikikatika. Izime B, iwashe tena, ingia uthibitishe kuwa VLAN bado zipo. Fanya hivyo hivyo kwa A siku ukipata nafasi, maana kuna swichi zilizosanidiwa miaka mingi nyuma na hazijahifadhiwa hata mara moja. UPS ndiyo imekuwa ikificha siri hiyo.

Hatua ya 2: Unganisha A na B

Kiungo kati ya swichi kiwe na kebo mbili zilizofungwa pamoja kwa LACP, kikibeba VLAN za kawaida zote kama tranki (poti inayopitisha VLAN nyingi). VLAN za hifadhi usizipitishe hapo. Sababu nitaieleza chini. Sanidi LACP pande zote mbili kwanza, chomeka kebo ya kwanza, tazama kikundi kimeinuka, ndipo uchomeke ya pili. Ukianza na kebo na kuja kwenye usanidi baadaye, unatengeneza kitanzi na kuomba RSTP ikuokoe.

Msiudharau uzito wa kiungo hiki. Seva ya kwanza ikiwa inapitia A na ya pili imehamia B, mazungumzo yao yote yanapita hapa. Kama poti za seva ni za gigabiti 10, kiungo nacho kiwe cha gigabiti 10.

Hatua ya 3: Poti za seva

Kwenye A na B, poti zinazoelekea seva ziwe tranki zenye VLAN 10, 20 na 30, na ziwekwe kama poti za ukingoni, yaani zinazoelekea kifaa cha mwisho na si swichi nyingine. Kwenye Cisco ni `spanning-tree portfast trunk`. Kampuni nyingine zina majina yao. Usipoiweka hivyo, poti inaweza kusubiri sekunde 30 kabla ya kupitisha data kila inapoinuka.

LACP usiiweke kwenye poti hizi. Swichi ni mbili tofauti, na LACP haiwezi kuvuka kutoka moja hadi nyingine bila staki au MLAG.

Wengi huongeza ulinzi wa BPDU hapa, unaozima poti ikipokea zile fremu ambazo swichi hutumiana kwa ajili ya RSTP. Nami naukubali, ila ujue una makali. Mashine pepe moja ikianza kutuma BPDU, labda kwa sababu mtu ameunganisha kadi mbili ndani ya Windows, swichi A itazima poti. Seva kwa utiifu itahamia swichi B, na mashine ile ile itatuma tena, na B nayo itazima. Kinga imeifukuza seva nzima mtandaoni. Kwenye ESXi ya VMware kuna `Net.BlockGuestBPDU`, iweke 1. Kwenye Proxmox unaweza kuzuia fremu hizo kwa fayawoli ya daraja, yaani ya swichi pepe iliyo ndani ya seva.

Hatua ya 4: Seva moja baada ya nyingine

Fanya kazi hii usiku wa Jumapili, au saa ambayo hakuna meli inayosukuma watu. Wenye clearing wanajua kuwa mfumo wa forodha wa iCMS wa KRA haulali, na mteja mwenye kontena bandarini halali pia. Kabla ya kugusa chochote, hakikisha unaingia kwenye seva kwa iDRAC au iLO (njia za kuifikia seva nje ya mtandao wake wa kawaida), au kwa kibodi na skrini. Ukikosea mstari mmoja kwenye faili la mtandao, SSH yako imekwenda.

Hamisha mashine pepe zote kutoka seva ya kwanza kwenda zile mbili nyingine. Chomeka kebo ya swichi B. Kisha zifunge kadi mbili ziwe bondi, ambayo kadi moja hufanya kazi na nyingine husubiri ianguke, na daraja likae juu yake. Hariri `/etc/network/interfaces` iwe hivi:

```
auto bond0
iface bond0 inet manual
    bond-slaves eno1 enp65s0f0
    bond-mode active-backup
    bond-primary eno1
    bond-miimon 100
    bond-updelay 60000

auto vmbr0
iface vmbr0 inet manual
    bridge-ports bond0
    bridge-stp off
    bridge-fd 0
    bridge-vlan-aware yes
    bridge-vids 2-4094

auto vmbr0.10
iface vmbr0.10 inet static
    address 10.20.10.11/24
    gateway 10.20.10.1
```

Majina ya kadi na anwani badilisha yawe yako. Angalia kwamba `eno1` imetoka kwenye `bridge-ports`, kwa sababu kadi haiwezi kuwa mwanachama wa bondi na wa daraja kwa wakati mmoja. Tekeleza `ifreload -a`, kisha soma `cat /proc/net/bonding/bond0`. Unataka kuona kadi mbili, zote zikiwa `up`, na `eno1` ndiyo inayotumika.

Mstari wa `bond-updelay` ndio ambao miongozo mingi huuruka. Kuanguka kwa swichi ni rahisi: taa inazima, seva inaona ndani ya milisekunde 100, inahama. Tatizo ni kurudi. Swichi inapowaka, nyingi huwasha taa za poti kabla haijawa tayari kupitisha chochote. Seva inaona taa, inafurahi, inarudi kwenye poti yake kuu, na data inamwagika shimoni hadi swichi imalize kuamka. Stima hukatika kwa sekunde moja, mfumo unalala dakika mbili, na watu wanalaumu intaneti. Kwa mstari huu seva husubiri sekunde 60 baada ya kuona taa ndipo irudi. Pima swichi yako inachukua muda gani tangu taa ya poti iwake hadi ipitishe ping, uongeze namba ikihitajika.

Wenye VMware, ongezeni kadi ya pili kwenye vSwitch, zote mbili ziwe zinatumika. Acheni mgawanyo wa kawaida unaofuata poti pepe, na mpangilio wa Failback muuweke No. Mgawanyo wa IP hash msiuguse, huo unataka poti zote ziwe kwenye kikundi kimoja upande wa swichi. Kwa Hyper-V kuanzia Windows Server 2016, tumia SET, yaani `New-VMSwitch` yenye `-EnableEmbeddedTeaming $true`. Haihitaji chochote upande wa swichi.

Seva ya kwanza ikitulia, irudishie mashine pepe mbili zisizo na uzito, ziache zikae kidogo, ndipo uende ya pili.

Hatua ya 5: Hifadhi

Hapa ndipo bondi inapoachwa mlangoni. Kama hifadhi yako ni iSCSI (diski zinazofikiwa kwa mtandao), usifunge kadi zake pamoja. iSCSI ina njia yake ya kushika njia mbili, yaani multipath, nayo huona kuanguka kwa njia kwa undani ambao bondi haiwezi. VLAN 51 iishi kwenye swichi A tu, kwa mfano 10.20.51.0/24. VLAN 52 iishi kwenye swichi B tu, 10.20.52.0/24. Ndiyo maana hazikupita kwenye kiungo cha kati. Njia mbili zisizokutana popote haziwezi kuambukizana ugonjwa.

Hifadhi yenye vidhibiti viwili ipeleke kebo ya kila kidhibiti kwenye swichi zote mbili. Usipeleke kidhibiti cha kwanza chote kwa A na cha pili chote kwa B, kwa sababu kifo cha swichi kitalazimisha hifadhi nayo ibadilishe kidhibiti, na hiyo ni hatua nzito isiyo ya lazima.

Kisha tazama muda wa kusubiri. Kwenye Linux, `node.session.timeo.replacement_timeout` huja ikiwa 120 katika `/etc/iscsi/iscsid.conf`. Maana yake njia ikifa, mfumo utaing'ang'ania dakika mbili kabla ya kukiri. Mashine pepe ya Linux inaweza kusubiri diski sekunde 30 tu. Baada ya hapo makosa huanza, na faili za ext4 zinaweza kugeuka za kusomwa tu. Yaani umenunua njia mbili na mashine zikafa zikisubiri ile mbovu. Iweke 15, na kwa miunganisho iliyokwisha sajiliwa ibadilishe pia kwa `iscsiadm`, kwa sababu faili hilo hugusa miunganisho mipya tu. Thibitisha kwa `multipath -ll` kuwa kila diski ina njia zake zote hai.

Fremu kubwa za baiti 9000 ukizitaka, ziwe kila mahali: seva, swichi zote mbili, hifadhi. Jaribu kwa `ping -M do -s 8972` kwenye kila njia. Ikikwama upande mmoja, rudi 1500 kote uendelee na maisha. NFS (mafaili yanayoshirikiwa kwa mtandao) haina multipath ya namna hii kwenye mipangilio ya kawaida, kwa hiyo yenyewe ipite kwenye bondi.

Hatua ya 6: Corosync ipate njia mbili

Proxmox hutumia Corosync kujua nani yuko hai, na Corosync haipendi kuchelewa. Ipe poti yake ya gigabiti 1 kama ya kwanza, na VLAN 10 ya bondi iwe ya pili. Hariri `/etc/pve/corosync.conf` kwenye nakala, ongeza `ring1_addr` kwa kila seva pamoja na sehemu ya `interface` ya kiungo cha pili, pandisha `config_version` kwa moja, ndipo uiweke mahali pake. Hakiki kwa `corosync-cfgtool -n`. Hili ndilo litakalozuia seva zote kujiwasha upya siku swichi moja itakapolala.

Hatua ya 7: Kilichobaki nje ya seva

Ruta au fayawoli yenye mguu mmoja ndani ya A inafuta kazi yako yote machoni pa watumiaji. Mashine pepe zitaongea zenyewe kwa zenyewe na hakuna mtu atakayezifikia. Ipe poti mbili, moja kwa A na nyingine kwa B, kwa bondi ile ile ya active-backup ikiwa inaikubali. Swichi ya kila ghorofa nayo iwe na kebo mbili. RSTP itafunga moja na kuifungua ikihitajika.

Intaneti ni kesi nyingine. Mombasa ndipo zinapotua SEACOM, TEAMS na EASSy, lakini faiba yako wewe inafika ofisini kwa nguzo moja, na koleo la wachimba mtaro wa maji halijui nyaya za baharini. Hilo ni la bajeti nyingine.

Hatua ya 8: Jaribu kwa kuua

Fungua kompyuta ndogo, anzisha `ping -D -i 0.2` kwenda mashine pepe tatu zilizoko seva tofauti. Anzisha pia nakala ya faili kubwa, kwa sababu ping hustahimili mambo ambayo hifadhidata haiyastahimili. Sasa chomoa kebo ya A kwenye seva moja. Utapoteza ping moja au chache, si zaidi. Irudishe, subiri ile dakika ya kurudi, uone kama kuna kinachopotea.

Kuna kitu kidogo utakachokiona hapa kisichoelezwa sana. Mashine pepe inayoongea muda wote inahama bila kelele. Mashine iliyonyamaza, labda seva ya printa, inaweza kupotea kwa muda. Swichi B bado inaamini MAC ya mashine hiyo iko upande wa A, inampelekea A fremu, na A hana pa kuipeleka, wala hawezi kuirudisha alikotoka. Mashine ikitoa fremu moja tu, B inajifunza upya na mambo yanatengemaa. ESXi hujitolea kutoa fremu hiyo kwa niaba ya mashine zake. Kwenye daraja la Linux usitegemee hilo. Kwa mashine kimya, ping ndogo ya kila sekunde tano kutoka ndani yake kwenda kwa ruta inamaliza shida.

Sasa kubwa: zima swichi A kabisa, kwa kuchomoa waya wa stima. Usiizime kwa amri. Hakuna ajali inayokuja kwa amri. Tazama ping, tazama `multipath -ll`, tazama Corosync, mwombe mhasibu afungue mfumo wake. Akikwambia, «Mbona kila kitu kiko sawa tu, ndugu yangu, wajaribu nini?», endelea. Washa A, subiri irudi, kisha fanya hayo hayo kwa B. Wengi huishia A. Halafu zima UPS ya kwanza yote, na baadaye ya pili.

Jaribio ambalo huwezi kulifanya kwa urahisi ni swichi iliyoduwaa, ile yenye taa zote lakini haipitishi kitu. `miimon`, yaani ule mstari wa `bond-miimon`, hutazama taa tu, kwa hiyo haitaona. Linux ina ufuatiliaji wa ARP (kuuliza anwani nyingine kama bado inajibu), na VMware ina beacon probing (kadi kutumiana fremu za kupimana) ambayo haina maana mpaka uwe na kadi tatu. Kwa ofisi ndogo mimi siviweki. Namwachia fundi wa zamu maelekezo ya kuichomoa swichi inayoshukiwa. Ikichomolewa, taa zinazima na seva zinahama zenyewe.

Baada ya hapo

Hatari mpya uliyoileta ni kwamba kifo cha swichi sasa hakina kelele. B inaweza kufa Machi, mtu asijue, na A ikafuata Agosti. Weka Zabbix au LibreNMS (programu za kuangalia mitandao) itazame swichi zote mbili kwa SNMP, na kila seva iwe na skripti fupi inayosaka `MII Status: down` ndani ya `/proc/net/bonding/bond0` na kutuma ujumbe kwenye Telegram. Mfumo wa kuangalia usikae kwenye seva hizo hizo peke yake. Kikompyuta kidogo pembeni chenye modemu ya simu kinatosha.

Kebo za A ziwe rangi moja na za B rangi nyingine, na kila ncha iandikwe seva na poti. Nakala ya usanidi wa swichi ikae nje ya mashine pepe, kwenye fleshi iliyofungiwa ndani ya raki na kwa barua pepe ya ofisi. Ukiletewa swichi mpya badala ya iliyokufa, ipakie usanidi huo mezani, iwashe bila kebo hata moja, hakiki VLAN na kipaumbele cha RSTP, chomeka kiungo cha kati kwanza, kisha poti za seva moja moja ukisoma `/proc/net/bonding/bond0` kila baada ya kebo.